Urejesho wa nani? Manabii wa Kiebrania na mali ambayo haijarudi

Katika barabara ninayopita kila asubuhi kwenda kazini kuna mabango ya makanisa matatu tofauti, na mwaka huu yote matatu yanatangaza jambo moja: urejesho. La kwanza linatangaza mwaka wa urejesho, la pili mkesha wa urejesho, na la tatu linaahidi kwamba atakayehudhuria siku saba mfululizo atarejeshewa vyote vilivyoibwa. Sina ugomvi na neno lenyewe. Ni neno la manabii, na pengine ni zuri kuliko mengi waliyotuachia. Ugomvi wangu ni na mgawanyo wa majukumu katika mahubiri hayo. Anayerejeshewa daima ni msikilizaji, na mwizi daima ni Ibilisi. Bado sijamsikia mhubiri akimwuliza mtu aliyeketi kiti cha mbele kwamba yeye anapaswa kumrejeshea nani, nini, na kufikia lini.

Naandika haya kama mwanahistoria, si mwanateolojia, na kama Mkristo wa kawaida anayekaa benchi la nyuma. Ninazo sababu mbili. Ya kwanza ni ya kitaaluma: manabii wa Kiebrania waliishi katika historia inayoweza kutajwa kwa miaka, na ukiwaondoa humo unabaki na maneno matamu ya kuandikwa kwenye kalenda. Ya pili ni ya kifamilia. Nitaifikia, lakini haitaeleweka kabla ya hiyo ya kwanza.

Kwanza tukubaliane kuhusu neno nabii. Siku hizi wengi wetu tunamwelewa nabii kuwa mtu anayejua namba yako ya simu na jina la jirani anayekuroga. Amosi hakuwa na ujuzi huo. Alikuwa mfugaji na mtunza mikuyu kutoka Tekoa, katika ufalme wa Yuda, ambaye katikati ya karne ya 8 KK alivuka mpaka kwenda ufalme wa kaskazini, Israeli, na kusema hadharani katika patakatifu pa Betheli. Mfalme wa kaskazini wakati huo alikuwa Yeroboamu wa Pili. Dola ya Ashuru ilikuwa imelegea kwa muda, mipaka ilikuwa imepanuka, biashara ilikuwa nzuri. Kama wangekuwa na takwimu za ukuaji wa uchumi, zingependeza sana kwenye hotuba ya bajeti.

Tunajua hali hiyo si kwa maneno ya Amosi peke yake. Mwaka 1910 wachimbaji wa mabaki ya kale huko Samaria, mji mkuu wa ufalme huo, walikuta makumi ya vigae vilivyoandikwa kwa wino, kumbukumbu za mvinyo na mafuta yaliyopelekwa mji mkuu kutoka mashambani. Uchimbaji wa miaka ya 1930 ulitoa vipande vingi vya pembe za ndovu zilizochongwa kupambia samani. Ukirudi kwenye kitabu cha Amosi utawakuta watu wa vitanda vya pembe, mvinyo kwa mabakuli na mafuta bora ya kujipaka. Hakuwa akitunga mafumbo. Alikuwa akisoma orodha ya mali na kuuliza imetoka wapi.

Jibu lake lilikuwa kwamba imetoka kwenye mizani iliyochezewa, kesi zilizouzwa langoni mwa mji, na rehani. Hapo kwenye rehani ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu uko ushahidi mmoja ambao kila ninapoufundisha darasa hunyamaza.

Sheria ya Kutoka ilikuwa imeweka wazi kwamba ukichukua vazi la maskini kama rehani, umrudishie kabla jua halijatua, kwa kuwa ndilo analojifunikia usiku. Amosi anawashutumu watu waliojinyoosha kando ya madhabahu juu ya mavazi hayohayo ya rehani. Angalia mahali: kando ya madhabahu. Vazi halikuwa limefichwa ghalani. Lilikuwa limeingia ibadani. Sasa, mwaka 1960, katika magofu ya ngome ndogo ya pwani kusini mwa Tel Aviv ya leo, mahali panapoitwa Mesad Hashavyahu, kilipatikana kigae chenye mistari zaidi ya kumi ya Kiebrania cha mwishoni mwa karne ya 7 KK. Ni barua ya malalamiko. Mvunaji mmoja, ambaye jina lake halikubaki, anamwomba mkuu wa eneo amsikilize. Anasema alimaliza kiasi chake cha mavuno, kisha mtu aitwaye Hoshayahu akaja akachukua vazi lake. Anasema wenzake waliovuna naye juani watamshuhudia kwamba hana kosa. Anataka vazi lake. Mistari ya mwisho imeharibika, lakini wasomi wengi husoma humo kitu kama hiki: hata kama mkuu haoni kuwa ni wajibu wake kulirudisha, basi amhurumie.

Hatujui kama lilirudi. Ninachokipenda katika kigae hicho ni kwamba mvunaji yule, ambaye huenda hakujua kusoma na alimsimulia karani, hakutenganisha mambo mawili ambayo sisi wasomi hupenda kuyatenganisha. Alidai haki, akataja mashahidi. Kisha akaomba huruma. Na haki na huruma, kwake yeye, vilikuwa na umbo moja: vazi mkononi kabla ya usiku.

Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu hawahitaji nieleze zaidi. Wapo walimu ambao kadi zao za benki, pamoja na namba za siri, ziko kwenye droo ya mkopeshaji, na mwisho wa mwezi yeye ndiye anayekwenda kwenye mashine na kumwachia mwenye mshahara kilichobaki. Wapo akina mama waliochukua mikopo ya kausha damu, na siku ya marejesho ikapita, wakaja vijana na gari kubeba godoro, jiko la gesi na televisheni. Tunayo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na ni vizuri kwamba ipo. Lakini Israeli nayo ilikuwa na sheria ya vazi. Malalamiko ya manabii hayakuwa kwamba sheria hakuna.

Niruhusu hapa mchepuko mfupi wa lugha, maana Kiswahili chetu kina siri ndani yake. Manabii wanatumia jozi ya maneno mawili, *mishpat* na *tsedaqah*. La kwanza linahusu uamuzi wa haki, kazi ya baraza la wazee langoni. La pili ni uadilifu, kuwa sawa katika uhusiano na mwenzako. Katika Biblia yetu ya Union Version ya mwaka 1952, ile aya maarufu ya sura ya 5 ya Amosi, inayolinganisha jozi hiyo na maji yatiririkayo, inatumia kwa neno la kwanza "hukumu". Kwa sikio la leo hukumu ni adhabu, ni jela, ni siku ya mwisho. Kwa hiyo muumini anasoma aya inayodai mahakama safi na kudhani inazungumzia moto. Tafsiri ya Habari Njema ilirekebisha kwa kuweka haki na uadilifu, lakini aya tulizozikariri utotoni hazifutiki kirahisi.

La pili linashangaza zaidi. *Tsedaqah* ya Kiebrania na *sadaka*, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, ni ndugu wa mzizi mmoja. Hosea anaposema kwamba Mungu anataka fadhili na si kuchinjiwa wanyama, Union Version inakiita kinachokataliwa "sadaka". Ndiyo kusema, neno ambalo kwa nasaba yake lilikuwa na udugu na uadilifu sisi tumelitumia kwa kitu ambacho manabii walisema hakiwezi kuwa mbadala wa uadilifu. Hakuna wa kulaumiwa. Lugha husafiri hivyo. Lakini kila bahasha ya sadaka inapopita mbele yangu huwa nakumbuka undugu huo. Na *rehema* yetu nayo ina ndugu katika Kiebrania, *rahamim*, kutoka mzizi mmoja na neno la tumbo la uzazi. Ndilo neno ambalo wasomi husoma kwenye kigae cha mvunaji.

Turudi kwenye historia. Samaria iliangukia mikononi mwa Ashuru mwaka 722 au 721 KK. Yuda ilidumu kama miaka 135 zaidi, na tukio linalonisumbua kuliko yote limo katika miezi yake ya mwisho. Limeandikwa katika sura ya 34 ya Yeremia, na sijui kwa nini halihubiriwi.

Jeshi la Babeli lilikuwa limeuzingira Yerusalemu. Mfalme Sedekia akafanya agano na watu: kila mwenye mtumwa Mwebrania, mume kwa mke, amwache huru. Sheria ya kale ilitaka mtumwa wa deni aachiwe baada ya miaka sita, na inaelekea ilikuwa imepuuzwa kwa muda mrefu. Agano lilifungwa hekaluni, ndama akakatwa vipande viwili na wakuu wakapita katikati. Watumwa wakaachiwa. Mtu mwenye shaka angesema waungwana walikuwa wamechoka kulisha midomo mingi wakati wa njaa ya mazingirwa, au walihitaji askari. Hata hivyo waliachia. Kisha jeshi la Misri likasogea kutoka kusini, Wababeli wakaondoka kwa muda kwenda kulikabili, na mji ukapumua. Wale wakuu wakawafuata watu wao na kuwarudisha utumwani.

Sifahamu maelezo mafupi na makali zaidi ya toba ya uongo katika maandiko yoyote ya kale. Waliomba, walifunga agano mahali patakatifu, walitenda jambo jema kwa wiki kadhaa, na presha iliposhuka wakachukua tena walichokirudisha. Jibu la Yeremia lilikuwa kwamba, kwa kuwa hawakuwapa ndugu zao uhuru, Mungu naye anawatangazia uhuru wao: uhuru wa kuuawa kwa upanga, tauni na njaa. Wababeli walirudi. Mji ulichomwa mwaka 587 au 586 KK.

Neno la uhuru alilolitumia ni *deror*. Lina jamaa katika lugha ya Babeli, *anduraru*, lililokuwa jina la amri za wafalme za kufuta madeni na kuwarudisha watumwa wa deni kwao. Amri ya namna hiyo ya mfalme Ammisaduqa, wa karne ya 17 KK, ingalipo kwenye mabamba ya udongo. Ni neno lilelile la Walawi 25, sura ya Yubile, ambamo ardhi inarudi kwa wenyewe. Na limo katika Isaya 61, maandiko ambayo, kwa mujibu wa Luka, Yesu aliyasoma katika sinagogi la Nazareti alipoanza kazi yake. Mkristo anayesema injili haina uhusiano na ardhi wala madeni anapaswa kueleza kwa nini Bwana wake alichagua ukurasa huo.

Je, neema iko wapi? Wanafunzi hunikatiza hapa, na wana haki. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, hao manabii wako ni kama ofisi ya ukaguzi, hoja tupu." Nilicheka, lakini swali ni zito, kwa sababu kila aliyewasoma kwa utulivu anajua kwamba neema imo, tena ni ya kupindukia. Hosea anamchora Mungu kama mzazi aliyemfundisha mtoto kutembea, mtoto akaasi, na mzazi akajikuta hawezi kumtupa hata alipotaka. Hakuna hesabu inayoeleza hilo. Neema katika manabii haisubiri mtu astahili.

Kosa letu si kuamini neema. Kosa ni kudhani kwamba neema inakuja mahali pa haki, kama mchezaji wa akiba anayeingia mwenzake akitoka. Ezekieli, aliyekuwa kuhani uhamishoni Babeli, anatusaidia hapa. Katika sura ya 33 anazungumzia mtu mwovu ambaye tayari amehukumiwa kufa, kisha anageuka. Hatakufa, dhambi zake hazitakumbukwa. Neema kamili. Lakini nabii anapoeleza kugeuka ni nini, jambo la kwanza analolitaja ni kurudisha rehani, na la pili ni kurudisha alichonyang'anya. Vazi lile lile. Ezekieli hasemi kwamba kurudisha kunanunua msamaha. Anasema hivyo ndivyo msamaha unavyoonekana ukimwingia mtu mwenye kitu cha mwingine nyumbani kwake. Zakayo alilielewa hilo juu ya mkuyu bila semina.

Ezekieli huyohuyo, katika sura ya 18, anaipinga methali iliyokuwa ikizunguka kati ya wahamishwa, kwamba wazazi walikula zabibu chachu na meno ya watoto yakafa ganzi. Hapana, anasema; mwana hatabeba uovu wa baba yake. Sura hii ni faraja kwa wengi, nami niliishikilia kwa miaka kama ngao. Nilikuwa sijaisoma vizuri. Mwana anayeishi katika sura hiyo si yule asiyehusika tu. Ni yule aliyeona aliyoyafanya baba yake, akaogopa, akaacha kuyafanya. Na mojawapo ya mambo yanayotajwa ni kwamba yeye hazuii rehani. Hatia hairithiwi. Rehani inarithiwa, na mtu anaamka asubuhi imo mikononi mwake.

Kuhusu urejesho wenyewe nitasema kwa kifupi kidogo, kwa kuwa hapa ndipo mabango yanaposhinda kwa sauti. Ile aya ya Yeremia 29 inayopamba kalenda za ofisi nyingi, ya Mungu kuwawazia watu wake mema, imetoka katika barua iliyopelekwa kwa watu waliohamishwa Babeli pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 KK. Ujumbe wake ulikuwa mchungu: jengeni nyumba, pandeni bustani, ozeni watoto wenu, uombeeni amani mji uliowateka, kwa kuwa mtakaa huko miaka 70. Aliyehubiri urejesho wa haraka, ndani ya miaka miwili, alikuwa Hanania, na Yeremia alimwita mwongo. Mabamba ya udongo kutoka Babeli yanaonyesha wana wa Yuda wakilima, wakikopa na kulipa kodi katika kijiji kilichoitwa kwa jina la nchi yao, Al-Yahudu, kwa karibu karne nzima.

Yeremia mwenyewe alifanya nini kuonyesha kwamba urejesho utakuja? Alinunua shamba. Mji umezingirwa, yeye yuko kifungoni katika uwanja wa walinzi, na binamu yake Hanameli anakuja kumtaka akomboe shamba la ukoo huko Anathothi, eneo ambalo pengine lilikuwa tayari chini ya adui. Akapima shekeli 17 za fedha, akaita mashahidi, akaandika hati mbili, moja ya kutiwa muhuri na moja ya wazi, akamwambia Baruku azitie katika chombo cha udongo zipate kudumu. Watu wanaodharau makaratasi wamsome nabii huyu. Mwaka 1982, katika magofu ya nyumba moja ya Yerusalemu iliyoungua katika moto ule wa Wababeli, vilipatikana vidonge 51 vya udongo vilivyokuwa mihuri ya nyaraka. Nyaraka zenyewe ziliteketea. Moto uleule uliiokoa mihuri kwa kuichoma ikawa migumu. Mmoja una jina la Gemaria mwana wa Shafani, mtu anayetajwa katika kitabu cha Yeremia.

Na waliporudi, baada ya Koreshi wa Uajemi kuitwaa Babeli mwaka 539 KK? Hekalu lilikamilika karibu mwaka 515 KK. Lakini ukimsoma Nehemia sura ya 5, karibu miaka 70 baadaye, unawakuta watu wakijenga ukuta wa mji mtakatifu huku wamewawekea ndugu zao rehani mashamba ili wapate nafaka, na binti zao wamekwisha kuwa watumwa. Kurudi nyumbani hakukuwa urejesho. Nehemia aliwaita wakopeshaji, akadai warudishe mashamba siku ileile, akaongeza jambo moja la busara: akawaapisha mbele ya makuhani. Anakiri pia kwamba yeye na watu wake walikuwa kati ya wakopeshaji. Kiongozi akijitaja mwenyewe katika kosa la umma, hilo nalo ni tukio la kihistoria.

Bara letu limewahi kulijaribu jambo hili kwa kipimo cha taifa. Mwezi Septemba 1985 wanateolojia wa Afrika Kusini walitoa Waraka wa Kairos, wakaikosoa si teolojia ya dola tu iliyouhalalisha ubaguzi, bali pia ile waliyoiita teolojia ya kanisa, iliyokuwa ikihubiri maridhiano kwa watu ambao shingo zao zilikuwa bado chini ya buti. Miaka kumi baadaye ikaja Tume ya Ukweli na Maridhiano chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu, mtu ninayemheshimu sana, na ilifanya jambo ambalo nchi chache zimethubutu. Lakini fuatilia fedha. Aliyepewa msamaha na tume aliondolewa dhima ya jinai na ya madai siku hiyohiyo. Waathirika waliambiwa wasubiri. Tume ilipendekeza walipwe kila mwaka kwa miaka 6. Mwaka 2003 serikali ilitangaza malipo ya mara moja ya randi 30,000 kwa kila mmoja. Simlaumu Tutu. Nasema neema ilitembea kwa ndege na urejesho kwa miguu.

Sasa ile sababu ya pili.

Mwaka 1984 mvua zilikosa kijijini kwetu. Nilikuwa mdogo; nakumbuka tu unga wa njano. Jirani yetu, mama mjane mwenye watoto wanne, alikuja kwa baba yangu, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na mwenye duka, akakopa magunia manne ya mahindi. Akaweka rehani kipande chake cha kahawa na migomba, ekari moja na robo, kilichopakana na chetu. Msimu uliofuata hakuweza kulipa, wala uliofuata. Wakaandikishana kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wawili, yeye akaweka dole gumba. Hapakuwa na hila wala kesi. Baba hakuvunja sheria yoyote ya nchi. Na kila Jumapili walikaa kanisa moja, yeye upande wa akina mama, baba mbele na wazee.

Kahawa ya kipande kile ndiyo iliyonisomesha sekondari. Nimeshapiga hesabu mara nyingi, na kila ninavyoipiga jibu ni hilohilo: shahada yangu ya kwanza ina mizizi katika magunia manne ya mahindi.

Baba alifariki miaka mitano iliyopita, na karatasi tuliikuta katika kopo la biskuti pamoja na kadi zake za ubatizo na ndoa. Nilipowaambia ndugu zangu kwamba nadhani tuzungumze na watoto wa yule mama, ambaye naye ni marehemu, kaka yangu mkubwa alinijibu kwa upole kwamba baba aliokoa familia ile isife njaa, na kwamba nisiwahukumu wafu kwa vitabu vyangu. Dada akauliza kama niko tayari pia kurudisha shahada. Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyokusudia. Mama alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, ni kweli hawakulala njaa mwaka ule. Ila mimi nilikuwa naona aibu kupita pale akiwa barazani." Miaka yote ile hatukuwahi kumsikia akilisema.

Sitaki nionekane mwema. Nimekaa na karatasi hiyo miaka mitano, na katika miaka hiyo nimefundisha Yeremia 34 mara tano. Kipande kile leo kina thamani kubwa, barabara ya lami imepita karibu, na kaka amejenga vyumba viwili vya kupangisha pembeni yake. Sijui kama haki hapa ni kurudisha ardhi yote, nusu yake, au thamani ya mahindi na fidia. Ezekieli hakuacha jedwali la malipo. Ninachojua ni kwamba kikao cha familia kimepangwa kufanyika nyumbani wakati wa Krismasi, wote tukiwepo, na kwamba safari hii nimemwomba kaka tuwaalike na wao.

Mjukuu wa yule mama anaendesha bodaboda kwenye kituo cha kijijini. Mwezi uliopita ndiye aliyenibeba kutoka stendi, hatukuwa tumepanga. Alinisalimia shikamoo, akanipa kofia ya usalama, tukapanda kilima bila maneno mengi. Tulipofika kwetu nilimwambia kuhusu kikao. Alizima pikipiki, akatazama chini kidogo, kisha akaniuliza kama ule mparachichi wa mpakani, alioupanda bibi yake, bado upo.

Nilimwambia upo, na tukaenda kuutazama.